Damu Isiyoonekana: Niliyojifunza kwa Wazee Waliovunjika Nyonga

Mzee anapovunjika nyonga, sehemu kubwa ya damu atakayopoteza haitaonekana na mtu. Haitamwagika sakafuni, haitajaa kwenye chupa ya mashine ya kunyonya, wala haitalowanisha shashi. Itabaki ndani ya paja lake. Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye chumba cha upasuaji wa mifupa kwa miaka mingi, kisha nikahamia wodi wanakopelekwa wagonjwa hao hao baada ya kushonwa, na kuhama huko ndiko kulikonifungua macho. Ninawaandikia wauguzi wenzangu, na pia watoto na wajukuu wanaokaa kando ya vitanda, kwa sababu mengi yanayopunguza upotevu wa damu hufanyika nje ya chumba cha upasuaji.

Ndani ya thieta hesabu ya damu ni rahisi. Unasoma kipimo kwenye chupa, unatoa maji yaliyotumika kuosha kidonda, unapima uzito wa shashi, unaandika. Kwa upasuaji wa nyonga mara nyingi tuliandika mililita 200 au 300, na kila mtu aliondoka ameridhika. Nilipofika wodini nikawa napokea karatasi zenye namba hizo hizo, halafu siku ya pili au ya tatu majibu ya maabara yanarudi na hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu na kutuonyesha damu imepungua kiasi gani, imeshuka kwa zaidi ya gramu tatu. Bibi aliyeingia na gramu 12 kwa desilita sasa ana 8 na kidogo. Midomo imepauka, chakula hataki, akikalishwa tu kitandani anasema dunia inazunguka. Na bandeji yake ni kavu kabisa.

Nilimuuliza daktari mmoja wa upasuaji damu hiyo inakwenda wapi. Akaniambia nichukue utepe nipime mapaja yote mawili. Kwa yule bibi tofauti ilionekana hata kabla sijaukaza utepe: paja lililopasuliwa lilikuwa limejaa, gumu, na siku chache baadaye wekundu wa zambarau ukashuka hadi nyuma ya goti. Mwaka 2006 watafiti wa Denmark walichapisha hesabu za aina hii kwa wagonjwa zaidi ya 500. Hawakutegemea chupa ya kunyonya. Walikokotoa damu yote iliyopotea kutokana na jinsi hemoglobini ilivyoshuka. Kwa waliowekewa pini au skrubu peke yake, wastani ulizidi nusu lita kidogo. Kwa waliowekewa msumari ndani ya mfupa, ulikaribia lita moja na nusu. Kiasi kilichoonekana wakati wa upasuaji kilikuwa sehemu ndogo tu ya hiyo.

Sasa mfikirie mwanamke mzee wa kilo 45. Damu yote iliyomo mwilini mwake ni kama lita tatu. Akipoteza lita moja, theluthi imekwenda. Kijana akipungukiwa na damu moyo wake hukimbia na unaliona jambo hilo mapema. Mzee anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo anaweza kubaki na mapigo 70 kwa dakika huku akiishiwa. Dalili yake ya kwanza huwa ni kuchanganyikiwa usiku, au kukataa kusimama mtaalamu wa viungo anapokuja, na ni rahisi mno watu kusema ni uzee.

Mahali mfupa ulipovunjika hueleza mengi. Shingo ya mfupa wa paja imezungukwa na mfuko mgumu wa kiungo. Ukivunjika ndani ya mfuko huo, damu hujaa pale na kujibana yenyewe. Ukivunjika chini yake, kwenye vinundu vya mfupa ambako misuli mikubwa hushika, hakuna cha kuizuia. Damu huingia kwenye misuli tangu dakika mgonjwa anapoanguka, na paja lina nafasi kubwa. Kwa hiyo nikisikia mgonjwa anakuja na mvunjiko wa nje ya mfuko, najua kwamba ameshapoteza damu kabla ya kisu, hata kama kipimo cha kwanza kinaonekana kizuri. Kipimo hicho cha kwanza ni cha kuangaliwa kwa jicho kali. Wengi wa wazee hawa wamelala sakafuni kwa saa kadhaa bila maji. Damu yao imekolea, hemoglobini inasomeka 13, na baada ya dripu mbili inasomeka 10. Hakuna aliyetoka damu kati ya vipimo viwili. Maji yameonyesha tu ukweli uliokuwepo. Ndiyo sababu tulianza kurudia kipimo baada ya maji na kabla ya upasuaji, na kuweka akiba ya damu kwa namba ya pili.

Kabla ya upasuaji kuna kazi mbili ambazo muuguzi anaweza kuzisukuma. Ya kwanza ni maumivu na utulivu wa mguu. Mfupa uliovunjika ukisogezwasogezwa unachana misuli upya. Ganzi inayowekwa karibu na kinena, kwenye mishipa ya fahamu ya paja, humtuliza mzee kiasi cha kuweza kugeuzwa na kusafishwa bila misuli kukakamaa, na presha yake haipandi kwa uchungu. Ipigwe mapema, akiwa bado mapokezi.

Ya pili ni dawa anazotumia nyumbani. Hapa ndugu wana kazi kubwa kuliko wanavyodhani. Nakumbuka nilivyokuwa nikimhoji bibi mmoja.

"Bibi, unatumia dawa gani nyumbani?"

"Za presha tu, mwanangu."

Mjukuu wake, binti mdogo wa shule aliyekuwa amesimama ukutani, akadakia: "Na ile ya moyo, bibi. Ile unayopimiwa damu kila mwezi."

Ilikuwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kipimo cha INR kilirudi zaidi ya 3, maana yake damu yake ilikuwa ikichukua muda mrefu mno kuganda. Alipewa vitamini K kwenye mshipa jioni ile, kesho yake INR ikawa chini ya 1.5, akapasuliwa siku hiyo hiyo. Bila yule binti, tungesubiri majibu ya kawaida ya maabara, na ganzi ya mgongo ingeweza kuwa imeshapangwa. Kuchoma sindano mgongoni kwa mtu ambaye damu yake haigandi kunaweza kuleta bonge la damu linalobana uti wa mgongo. Tangu hapo swali langu kwa ndugu limebadilika. Siulizi tena "anatumia dawa gani". Nawaambia waende wakalete vidonge vyenyewe, vyote, hata vile vilivyo kwenye mfuko wa plastiki bila jina.

Kila dawa ya kulainisha damu ina hesabu yake. Aspirini haimzuii mtu kupasuliwa. Nguvu ya klopidogreli hudumu mwilini karibu wiki, na kumngojesha mzee wiki nzima kitandani ni hatari kuliko kutokwa na damu kidogo zaidi, kwa hiyo timu nyingi humpasua bila kungoja na kuchagua usingizi kamili badala ya ganzi ya mgongo. Zile dawa mpya zisizohitaji kipimo cha INR hutoka kupitia figo kwa kiasi tofauti, hivyo saa ya kidonge cha mwisho na hali ya figo lazima vijulikane. Nimekuwa mkali sana kuhusu saa ya kidonge cha mwisho. "Jana" haitoshi. Jana asubuhi na jana usiku zinaweza kuamua kama mtu anaingia thieta leo au kesho.

Na kungoja kwenyewe kuna gharama. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 2,970 katika nchi 17, ulilinganisha wagonjwa waliopasuliwa ndani ya saa chache baada ya kugunduliwa na waliofuata utaratibu wa kawaida wa kama siku moja. Vifo havikutofautiana, lakini waliowahishwa walichanganyikiwa mara chache kuliko wenzao, na walisimama mapema. Mimi naongeza nililoliona kwa macho yangu: kila siku mfupa unapokaa bila kufungwa, paja linaendelea kuvimba.

Sasa niseme kuhusu dawa niliyoiona ikibadilisha wodi yetu kuliko kitu kingine chochote. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1962. Walikuwa wakitafuta namna ya kuwaokoa akina mama wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Mama huyo amesimulia kwamba alikuwa akifanya kazi maabara akiwa amembeba binti yake mgongoni, na kwamba walichagua kuchunguza damu kwa sababu ikipungua wangeweza kutumia yao wenyewe. Alifariki mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya matokeo ya utafiti wa akina mama zaidi ya 20,000 kuonyesha kwamba dawa yake hupunguza vifo vya kutokwa na damu baada ya kujifungua. Huniuma kila ninapokumbuka kwamba hakuyaona.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mwili ukishatengeneza bonge la kuziba mshipa uliochanika, wakati huo huo huanza kuliyeyusha. Kiyeyushaji kinatokana na protini iitwayo plazminojeni, ambayo hujishikiza kwenye nyuzi za bonge. Asidi ya traneksamiki hukalia mahali pa kujishikizia, kwa hiyo bonge linadumu. Haitengenezi bonge jipya mahali ambapo hapakuwa na jeraha. Jambo hili limenisaidia sana kuwaelezea ndugu wanaoogopa kwamba mzee wao "ataganda damu". Tafiti nyingi za wagonjwa wa nyonga zimeonyesha kwamba wanaopewa dawa hii huhitaji kuongezewa damu mara chache zaidi, bila ongezeko la wazi la mabonge kwenye miguu au mapafu. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani wa mwaka 2021 unaipendekeza kwa nguvu zote kwa upasuaji huu.

Kuna swali ambalo huulizwa na wauguzi wanaofikiri vizuri. Utafiti wa majeruhi wa mwaka 2010, uliohusisha zaidi ya watu 20,000, ulionyesha kwamba dawa hii husaidia ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mtu aumie, na ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Mzee wa nyonga mara nyingi hufika hospitali baada ya saa hizo kupita. Mbona tunampa? Kwa sababu tunachokilenga ni jeraha la pili, lile la kisu. Ndiyo maana saa ya kuitoa ni muhimu kuliko jina lake: gramu moja polepole kwenye mshipa, kwa kama dakika kumi, kabla ngozi haijachanwa. Tuliiweka kwenye orodha ya maneno yanayosomwa kwa sauti kabla ya kuanza, pamoja na jina la mgonjwa na upande wa mguu. Kabla ya hapo ilitegemea nani yuko zamu.

Si kila mzee apewe bila kufikiri. Dawa hii hutolewa na figo karibu yote, kwa hiyo figo zikiwa dhaifu kipimo kinapunguzwa. Kwa kiwango kikubwa inaweza kuleta degedege. Mwenye bonge la damu mguuni au kwenye mapafu wakati huo huo hapewi kwenye mshipa, na aliyepata kiharusi au kuwekewa bomba kwenye mishipa ya moyo hivi karibuni huzungumziwa kwanza na daktari wa usingizi.

Na kuna hatari moja ambayo naomba kila anayesoma akiwa mfanyakazi wa thieta aichukulie kwa uzito. Wagonjwa hawa hawa ndio wanaochomwa ganzi ya mgongo. Vichupa vya asidi ya traneksamiki na vya dawa ya ganzi vinaweza kufanana sana. Ikichomwa mgongoni kwa kosa, huleta degedege kali na mara nyingi kifo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya makosa haya mwaka 2022. Kwetu sisi dawa hii haikai kabisa kwenye meza ya ganzi. Inawekwa kwenye droo nyingine, inavutwa na mtu mwingine, na sindano inabandikwa jina kabla haijashuka mkononi. Wakati mwingine tunaichanganya kwenye mfuko mdogo wa maji ya dripu moja kwa moja, ili isiwepo sindano yoyote yenye dawa hiyo karibu na mgongo wa mgonjwa.

Mambo mengine ya thieta nitayapitia upesi, si kwa kuwa ni madogo, ila ni ya daktari wa upasuaji zaidi. Mfupa ukinyooshwa vizuri kwenye meza ya kuvuta mguu kabla ya kuchana, upasuaji huwa mfupi. Mishipa midogo inayopenya msuli wa nje wa paja ifungwe au iunguzwe kabla haijakatika na kujificha ndani ya msuli. Na mpasuaji mwenye uzoefu awepo kwa mivunjiko migumu.

Joto, hata hivyo, ni letu wauguzi, na hapo sitapita upesi. Mzee mwembamba aliyevuliwa nguo kwenye chumba chenye ubaridi, amepigwa ganzi ya mgongo iliyolegeza mishipa ya miguu, anapoteza joto kwa kasi. Vimeng'enya vya kugandisha damu na chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba mshipa uliochanika, hufanya kazi vibaya mwili ukipoa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba hata kushuka kwa chini ya nyuzi moja ya Selsiasi kunaongeza damu inayopotea kwa takriban asilimia 16. Nyuzi moja hata mkono hauisikii! Kwa hiyo tunaanza kumpasha joto wodini kabla hajasukumwa, dripu zinapita kwenye kipashio, blanketi la hewa moto linamfunika kifua na mabega, na joto lake linapimwa kila mara badala ya kukisiwa. Kati ya hatua zote nilizozitaja hii ndiyo nyepesi kufanya, na ndiyo inayosahaulika kwanza siku zamu ikiwa na watu wachache.

Wodini kazi inaendelea, maana damu haijasimama kwa sababu ngozi imeshonwa. Tulikuwa tukipima hemoglobini asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji, tukiona 10 tunaendelea na mengine. Sasa tunapima ya kwanza, ya pili, na kwa waliowekewa msumari ya tatu au ya nne pia, kwa kuwa kiwango cha chini kabisa mara nyingi hufika siku hizo. Naligusa paja kila zamu. Naangalia mkojo. Namuuliza mgonjwa kama kichwa ni chepesi kabla mtaalamu wa viungo hajamsimamisha. Mrija wa kutoa damu kidondani hatuutumii kama kawaida. Nilizoea kuuona na ulinipa faraja ya bure, lakini haupunguzi kuongezewa damu wala kuzuia matatizo ya kidonda kwa wagonjwa wengi.

Dawa ya kuzuia damu kuganda miguuni, yaani heparini, isiachwe kwa kuogopa hemoglobini iliyoshuka kidogo. Bonge kwenye mapafu linaua mzee huyu haraka. Tunachofanya ni kuheshimu saa ya kuanza, saa kadhaa baada ya upasuaji, na kumwita daktari kama paja linavimba upesi au bandeji inalowa.

Kuhusu kuongeza damu, mimi nilizoea kuona chupa mbili zikiagizwa pamoja kama desturi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 2,016 wa Marekani na Kanada wenye umri wa miaka 50 au zaidi, waliopasuliwa nyonga na wenye ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata. Nusu yao waliongezewa damu ili hemoglobini ibaki juu ya 10. Wengine waliongezewa pale dalili zilipojitokeza au ilipoanguka chini ya 8. Baada ya siku 60, vifo na uwezo wa kutembea havikutofautiana. Kwa hiyo leo tunatoa chupa moja, polepole, kisha tunapima na kumtazama mtu mwenyewe. Chupa moja hupandisha hemoglobini kwa kama gramu moja, na kwa bibi wa kilo 45 inaweza kupandisha zaidi. Ya pili ikifuata bila kufikiri, moyo dhaifu unalemewa na mapafu yanajaa maji. Lakini namba 8 isigeuzwe kuwa amri. Mzee mwenye 8.6 anayelalamika kifua kubana, au anayezimia akisimama, anahitaji damu, na muuguzi ndiye wa kulisema hilo kwa sauti kwenye mzunguko wa asubuhi.

Ndugu huuliza kuhusu vidonge vya kuongeza damu. Siku za mwanzo havisaidii sana. Mwili ulioumia huongeza homoni ya ini iitwayo hepisidini, nayo huzuia chuma kufyonzwa tumboni, huku vidonge vikileta choo kigumu kwa mtu ambaye tayari amelala na anatumia dawa kali za maumivu. Vina nafasi yake baadaye, hali ikitulia.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anaporuhusiwa naandika kwenye barua yake namba tatu: hemoglobini ya siku aliyoingia baada ya kupewa maji, ya chini kabisa aliyofikia, na ya siku anayotoka. Naandika pia lini ipimwe tena, na namwonyesha ndugu anayemchukua mahali ilipoandikwa. Na kama namba ya kwanza ilikuwa chini tangu mwanzo, naongeza mstari kwamba upungufu huo ulikuwepo kabla ya mvunjiko na chanzo chake bado kutafutwa, iwe figo, iwe kidonda cha tumbo kutokana na dawa za maumivu za muda mrefu, au kingine, ili daktari wa kliniki aanzie hapo.